Unajuaje kitabu cha historia kitakufaa kabla hujakilipia?

Dereva wa Ushirombo

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni dereva wa masafa marefu, Dar kwenda Lubumbashi. Naenda na mzigo mchanganyiko, narudi na shaba. Anayeijua njia hii anajua kwamba kuendesha ni nusu ya kazi, nusu iliyobaki ni kukaa. Mpakani Tunduma nakaa siku mbili tatu, Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, nimewahi kukaa tisa. Wenzangu foleni wanaimaliza kwa bao, kwa bia, na kwa mengine ambayo wake zao si lazima wayasome hapa. Mimi nasoma. Kabini ina kitanda, taa ndogo ya betri, na boksi la oili lililojaa vitabu.

Kinachonileta hapa ni hela inayopotea. Nyuma ya daftari ninaloandikia dizeli huwa naandika pia kila kitabu: nimekinunua wapi, bei gani, nimekisomea foleni ipi, na mstari mmoja wa kilichonipa. Tangu Januari ya mwaka jana nimenunua kumi na moja. Juzi usiku nimepiga hesabu. Vilivyonifaa ni vitatu. Kimoja bado sijakitolea hukumu. Saba vimekula shilingi elfu themanini na tatu, na kwenye mstari wake kila kimoja nimeandika neno moja tu: hakuna.

Niseme kwanza ninachotafuta, maana nisiposema mtaniletea majina ya vitabu vya kila aina. Mimi ni Msumbwa, kabila letu la huko Ushirombo. Miaka mitatu iliyopita tulishusha mzigo Likasi, Kongo, mlinzi wa yadi, mzee mwenye miwani iliyofungwa waya, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Akanishika mkono hakuuachia: kumbe wewe ni ndugu yake Msiri! Msiri simjui. Kidato cha nne nilipata C ya historia, na kama Msiri alifundishwa, basi alifundishwa siku niliyokuwa porini na ng'ombe wa baba. Mzee akanieleza kwamba Msiri alikuwa mfanyabiashara aliyetoka kwetu, akafika Katanga kufuata shaba na pembe, akawa mfalme, akajenga mji wa Bunkeya. Watu wake mpaka leo wanaitwa Bayeke. Hapo mwili ukanisisimka, kwa sababu marehemu babu yangu wawindaji wa tembo alikuwa akiwaita bayege. Neno lilelile, limetembea kutoka Ushirombo mpaka Likasi kabla ya lori langu.

Tangu siku ile nikikuta kitabu cha historia kwenye meza ya mitumba nakifungua, namtafuta Msiri.

Sasa sikieni nilivyoumia. Mbeya nilinunua historia ya Afrika nzima, jalada gumu, kurasa 480, elfu thelathini. Nyuma hakina faharasa, ile orodha ya majina na kurasa zake. Nimekipekua usiku mbili, ukurasa kwa ukurasa, nikapata aya moja. Ni kama kupelekwa yadi ya makontena ukaambiwa lako limo humuhumu, litafute. Kipo na kijitabu cha historia ya machifu, kimechapwa kienyeji na kubanwa pini, elfu tano. Chenyewe kinasema Msiri aliuawa 1901. Kingine kinasema 1891. Nani mkweli? Viwili ni maisha ya wanasiasa waliojiandikia wenyewe, nusu ya picha wanakata utepe. Vitatu ni vya hamasa, vya namna ya kuwa tajiri, na viwili kati ya hivyo vina hadithi ileile, neno kwa neno, ya tai anayefika miaka arobaini akapanda mlimani, akajing'oa mdomo na manyoya, akaota vipya, akaishi miaka thelathini mingine. Mimi nimefuga kuku. Ndege akikosa mdomo wiki moja hayupo.

Vilivyonifaa: cha kwanza ni kijitabu cha huduma ya kwanza, kurasa arobaini, elfu mbili. Utingo wangu alifungua rejeta ikiwa bado moto pale Nakonde, maji yakamruka mkono mzima. Dereva mwenzetu akaja mbio na dawa ya meno. Mimi nikakumbuka ukurasa: maji baridi yanayotiririka, dakika ishirini, usipake kitu. Tulimaliza madumu mawili ya maji yetu ya kunywa. Leo mkono una baka dogo tu. Kwa hiyo mtu akiniambia kitabu cha maana ni kile kinene, tutabishana.

Cha pili ni maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha 1902 na 1903, mzee akiwa bado hai kule Unguja. Yule bwana angezaliwa leo angekuwa na malori. Pembe anazihesabu kwa frasila, kipimo cha uzito cha zamani, anakwambia bidhaa alikopa kwa nani, chifu gani alimzuia njia na akamfanya nini. Ila habari za watu waliouzwa anazipita upesi mno, kama dereva anayepita mizani usiku. Cha tatu ni kitabu alichokihariri Andrew Roberts mwaka 1968 kuhusu Tanzania kabla ya 1900, chembamba, kina sura ya Wanyamwezi na safari zao za biashara. Hicho nimekirudia mara tatu.

Ambacho sijakitolea hukumu ni cha daktari Mzungu, Joseph Moloney, aliyekuwa kwenye msafara uliomuua Msiri. Kiingereza chake cha zamani, nasuasua nacho na kamusi, halafu anamtukana Msiri karibu kila anapomtaja. Nimekisukuma chini ya godoro.

Swali langu basi. Pale mezani una dakika tano. Muuzaji anakukodolea macho, lori umelipaki vibaya, askari anakuja. Unaangalia nini ujue kitabu hiki kitakufaa au kitakula hela yako?

Kichwa Ngumu

Mkuu bando la buku tu linatosha, kila kitu kipo kwenye simu siku hizi. Vitabu ni kuongeza uzito kwenye gari.

Dereva wa Ushirombo

Kuanzia Mpika mpaka Serenje, huko Zambia, hilo bando nikalitumie kwa mnara wa nani?

Dada wa Meza

Kaka dereva, mimi ni muuza vitabu vilivyotumika hapa Dar, mwaka wa kumi na nne huu. Umeniuliza swali ambalo wateja hawaniulizi. Wao huniuliza "kizuri kipi?", nami nauza, ndiyo riziki yangu.

Kitabu cha mitumba kina faida moja ambayo kipya hakina: kimeshasomwa, na kusomwa kunaacha alama. Kifunge, kishike, kiangalie ubavuni pale kurasa zinapokutana. Uchafu wa vidole utakuonyesha msomaji aliishia wapi. Vya hamasa vinarudi mezani kwangu baada ya mwezi. Kurasa ishirini za mwanzo zimepigwa mistari ya kalamu, nyingine na nyota pembeni, "AMINA!!", halafu kutoka hapo kurasa nyeupe pee kama zimetoka kiwandani jana. Hiyo ndiyo hukumu ya msomaji, hajaiandika popote lakini ipo.

Sasa linganisha na ile historia ya Tanganyika ya John Iliffe, ya 1979. Imepita mikononi mwangu mara tatu tu miaka yote hii. Mara mbili ililetwa na watoto baada ya mzee kufariki. Uchafu ulikuwa mwanzo hadi mwisho, na pale kwenye faharasa ndipo karatasi zilikuwa zimechakaa kuliko popote. Mwenyewe alikuwa anaingilia mlango wa nyuma kila siku. Vitabu vya namna hiyo havirudi mezani mpaka mwenyewe aondoke duniani.

Kwa hiyo ukifika mezani anza nyuma. Faharasa ipo? Orodha ya vitabu na nyaraka alizozitumia ipo? Ramani zipo, na zina majina unayoyajua? Baadaye nenda ukurasa wa pili, ule wenye maandishi madogo ambao watu wanauruka, utazame mwaka. Wachapishaji wengine wanavalisha jalada jipya mwili wa zamani. Nimewahi kuuza, Mungu anisamehe, "toleo jipya" ambalo ndani bado linaita nchi ya jirani kwa jina lililofutwa miaka mingi. Jalada lenyewe liache la mwisho, na maneno ya sifa ya nyuma usiyasome kabisa, hayo wanaandikiana marafiki.

Halafu kitu kingine. Usiulize kitabu kizuri, uliza kizuri kwa lipi. Kinachotoka kuliko vyote mezani kwangu ni cha Walter Rodney, kile cha jinsi Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika. Kilitoka 1972 yeye akiwa mwalimu hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Tanzania Publishing House ni mmoja wa wachapishaji wake wa kwanza. Mtu akitaka tarehe za machifu namwambia si hicho, utakuja kunirudishia. Lakini wewe unayebeba shaba ghafi kwenda bandarini halafu ukapakia nyaya za umeme kurudi nazo, hicho kisome. Kitakusumbua barabara nzima.

Dereva wa Ushirombo

Dada, hilo la nyaya umenichoma. Safari iliyopita nilibeba nyaya kweli. Iliffe unaye sasa hivi?

Dada wa Meza

Ninaye mmoja, jalada limechanika. Elfu arobaini na tano. Sitanii kwenye bei ya huyo.

Mwalimu Mstaafu, Songea

Kijana, hongera kwa hilo daftari la dizeli. Miaka thelathini na mbili nimefundisha historia, na sikuwahi kuwa na daftari kama lako.

Dada wa Meza kasema vizuri, lakini la faharasa nampinga kidogo. Kitabu kinaweza kuwa na faharasa ya kurasa thelathini na kisikwambie amejuaje. Mimi kipimo changu ni namba. Natafuta namba moja kubwa ndani ya kitabu, kisha naangalia mwandishi anafanya nini nayo.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907. Wamekufa Waafrika wangapi? Serikali ya Wajerumani ilikadiria 75,000. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Kitanzania aliyekaa na wazee wa Umatumbi na Kilwa miaka ya sitini akawasikiliza, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliokufa ni 15. Basi chukua vitabu vitatu. Cha kwanza kinaandika 75,000 na kuendelea na safari. Cha pili kinaandika 300,000 na kuendelea na safari. Cha tatu kinakuwekea zote mbili, kinakwambia wengi hawakufa kwa risasi bali kwa njaa, kwa sababu jeshi lilichoma mashamba na maghala, na kwamba mtu aliyekufa kwa njaa mwaka wa pili porini hakuna karani aliyemwandika. Hicho cha tatu ndicho nunua, hata kama kimebanwa pini kama kijitabu chako cha machifu. Gwassa na Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za Maji Maji mwaka 1968, ukikiona mezani utadhani ni daftari la mahudhurio. Nimekitumia kuliko vitabu vyote vinene vya stoo ya shule.

Nakumbuka mwaka mmoja nilikuwa na kitabu cha kiada, sitakitaja, kilichosema kwamba hapa Songea Wajerumani waliwaua "baadhi ya wazee". Nikawapeleka wanafunzi Makumbusho ya Maji Maji, ni mwendo wa miguu tu. Pale wanaadhimisha kila Februari 27, siku waliponyongwa viongozi wa Wangoni mwaka 1906, na idadi inayokumbukwa ni 67. Msichana mmoja akafungua kitabu chake palepale, akafuta "baadhi ya" kwa kifutio, akaandika 67. Nikapaswa kumkaripia kwa kuharibu mali ya shule. Sikumkaripia.

Kuhusu vitabu vya hamasa nisiwe mnafiki, kuna mwaka kimoja kilinitoa kitandani baada ya mke wangu kufariki. Hadithi ya tai haikuwamo. Kuhusu madesa ya mtihani, yanafaa kwa mtihani, baada ya hapo kafungie maandazi.

Sasa nije kwenye swali ulilolificha. Umeuliza nani mkweli, wa 1891 au wa 1901, na jibu umelisukuma chini ya godoro. Kitoe kitabu cha daktari, fungua ukurasa wa maandishi madogo aliosema Dada, kisha rudi utuambie.

Mtu wa Likasi

Jambo ndugu dereva. Miye niko muYeke, niko huku Likasi. Hii Swahili yangu mutanisamehe, ni ya huku.

Ile mwaka ya 1901 iko bongo, haiko ya kweli. Kule Bunkeya kila mwaka tarehe makumi mbili ya mwezi wa kumi na mbili tunakumbukaka Msiri, ni ile siku balimuua, 1891. Kiko kitabu ya Mwami, ni kusema mufalme, Antoine Munongo, banaita Pages d'histoire yeke, ya 1967, iko mu Kifaransa. Ni ya lazima. Lakini yeye ni mutoto wa nyumba ile ile ya Msiri, basi uisome na akili ile. Halafu uulize na baSanga. Bao balifanyaka vita na Msiri mu ile mwaka ya mwisho, na bao banasema ingine kabisa. Miye bibi yangu ni muSanga, kwetu ku meza hatumalizake hiyo mambo.

Dereva wa Ushirombo

Shikamoo Mwalimu. Mmenipa usingizi mbaya wiki nzima, na ninawashukuru. Naandika hii nikiwa Vwawa, gari iko gereji, beringi ya gurudumu.

Nilikitoa kitabu chini ya godoro. Ukurasa wa maandishi madogo: London, 1893. Nikacheka peke yangu mpaka utingo akadhani nimepata ujumbe wa pesa. Kitabu kilichochapwa 1893 kitasimuliaje kifo cha 1901? Nilikuwa nacho miezi minne, nakilalia, na mashahidi wawili wanagombana kwenye boksi la oili.

Basi nikasema nikisome mpaka mwisho, matusi na yote. Na hapa ndipo nimebadilika. Huyu daktari anamdharau Msiri, anatetea wenzake, anataka tuone kuwa kuuawa kwa yule mfalme ilikuwa heri kwa watu wake. Lakini alikuwepo. Anaeleza wametoka Bagamoyo 1891, wakapita Tabora, wakafika Karema, wakavuka Ziwa Tanganyika. Hiyo njia naijua mpaka vumbi lake. Anaeleza walivyofika Bunkeya Desemba wakakuta njaa. Anaeleza Kapteni Bodson alivyompiga Msiri risasi, naye akapigwa na mtu wa Msiri akafa. Mkuu wao, Stairs, malaria ilimuua njiani kurudi, huko Chinde, mdomoni mwa Zambezi, 1892. Mtu anayekuchukia akikwambia ulivaa nini siku fulani, kwenye nguo unaweza kumwamini, kwenye tabia yako ndiyo uangalie. Ndivyo nilivyomsoma.

Kitu kimoja kimenikaa. Ule msafara ulikuwa na wazungu watano na mamia ya wapagazi wa pwani. Mizigo imebebwa na waliosema Kiswahili hiki tunachoandika hapa. Daktari anawataja wanapougua, wanapotoroka, wanapozika wenzao. Wenyewe hawana kitabu hata kimoja nikinunue. Madereva wa zamani wale, hakuna aliyekuwa na daftari la dizeli.

Kwenye mstari wa kitabu cha daktari nimeandika: tarehe, njia, njaa. Usimwamini juu ya mtu.

Nikajaribu na vipimo vyenu Tunduma, kwa yule kijana anayeuza vitabu na soksi. Nilianza nyuma, dada. Vitatu havikuwa na faharasa wala chanzo chochote, nikaviweka. Cha nne kilikuwa na namba, Mwalimu, namba nyingi kweli, za watumwa waliopita Bagamoyo kwa mwaka, na hakuna hata moja iliyosema imetoka wapi. Nikakirudisha. Kijana akaniuliza, mzee, unanunua au unakagua? Cha tano kilikuwa cha mila za makabila ya magharibi. Hapo nikaongeza kipimo changu: nikafungua panaposema Wasumbwa nione kama maneno ya Kisumbwa ameyaandika sawa. Manne ameyakosea kati ya sita. Kama kwetu kakosea hivyo, kwa Waha nitamwaminije? Nimeondoka na soksi.

La mwisho, na hili linanitia aibu. Kile kijitabu cha pini, cha 1901, nilikuwa nimekipa "hakuna". Jana gereji sina cha kusoma nikakirudia, safari hii kwa kuanzia nyuma. Kurasa tatu za mwisho, ambazo sikuwahi kuzifikia kwa hasira ya ile tarehe, mwandishi ameorodhesha majina ya koo za Usumbwa ambazo wazee walimwambia zilikuwa na watu waliokwenda "Garaganza ya shaba", yaani nchi ya Msiri, wasirudi. Koo kumi na nne. Kwa kila moja ameandika mzee aliyemwambia ni wa kijiji gani na mwaka aliozungumza naye. Ndiyo kile kipimo cha Mwalimu, kasema amejuaje. Tarehe alikosea, pengine ni mchapaji tu, lakini hayo majina sijayaona kwenye kitabu cha kurasa 480, wala kwa daktari, wala kwa Roberts. Ukoo wa mama yangu ni wa tisa.

Nimekata "hakuna". Bado sijaandika badala yake.

Mtu wa Likasi, nikifika nitakutafuta, nakuja na hizo kurasa tatu. Nataka kuona kama hayo majina mnayo huko, kwa Bayeke na kwa bibi yako pia. Na yule mlinzi mwenye miwani ya waya, yadi ya karibu na reli, kama unamfahamu mwambie yule Msumbwa anarudi.

Dada wa Meza, fundi anasema beringi itakuwa tayari saa kumi. Nikishusha Dar nakuja kwako moja kwa moja, Iliffe usimuuze. Arobaini?

Dada wa Meza

Arobaini na tano. Nimemfungia kwenye mfuko, jina lako nimeandika juu.